Jicho la Pola

Janet na mumewe Mwambire wana shamba dogo Dabaso. Hulima mchicha, maboga na mapapai. Kila asubuhi Janet alibeba mboga na matunda kwenda kuuza Watamu. Nyumbani hakikubaki kitu. Watoto walikula sima kwa chai.

Mwezi wa nne binti yao Pola, wa miaka minne, aliugua surua. Vipele vilipokauka, wazazi walidhani amepona. Lakini kila magharibi Pola alipapasa ukuta, akajikwaa mlangoni.

"Anadeka tu," alisema Mwambire.

Baada ya wiki mbili jicho la kushoto lilifanya ukungu mweupe. Janet alilitia maji ya majani aliyopewa na jirani. Likazidi.

Ngumbao, mhudumu wa afya wa kijiji, alipowatembelea alimtazama Pola mara moja. Hakukubali hata kukaa.

"Mama Pola, mbebe mtoto. Twendeni hospitali sasa hivi."

Daktari alimpa Pola matone ya vitamini A na dawa nyingine. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa.

Wakiwa bado hospitali, Janet aliuliza, "Ni surua iliyompofusha?"

"Ni surua, na upungufu wa vitamini A," alisema Ngumbao. "Mwili wake haukuwa na akiba."

"Lakini mwanangu alikuwa akishiba."

"Alishiba sima nyeupe. Vitamini hiyo haimo. Imo kwenye mchicha, majani ya maboga, papai bivu na embe. Mboga itie mafuta kidogo au tui, mwili uipokee vizuri. Matone nayo hutolewa bure kila miezi sita, mpaka mtoto afike miaka mitano. Na mtoto asipoona magharibi, mlete siku hiyo hiyo. Usimtie kitu jichoni."

Mwambire aliinamisha kichwa. "Vyote hivyo tunavyo shambani," alisema.



Siku hizi Janet huchuma kwanza mboga ya nyumbani. Inayobaki ndiyo huiuza. Mdogo wake Pola amepata matone yake, na macho yake ni mazima. Pola mwenyewe haangukianguki tena.

Juzi alimaliza mchicha wake wote, akasogeza sahani.

"Mama, niongeze. Nikila sana, jicho hili nalo litaona?"

Janet aliweka mwiko chini. Alitaka kusema ndiyo.

"Hapana, mwanangu. Hilo halitaona tena. Tunalilisha hili lililobaki."

Kisha akampakulia.