Kabini ya Watu Watano

Katika nyumba hii watu wanne hula chakula kimoja mahali panne. Mama hula jikoni, amesimama. Baba hula sebuleni, sahani ikiwa magotini. Binti hupeleka chake chumbani na kufunga mlango. Mdogo wake wa kiume hula kwenye ngazi za nje, na sahani yake hurudi na nusu ya chakula.

Meza ya kulia ipo. Imesukumwa ukutani na kujazwa vitambaa, maana mama ni fundi wa mapazia. Ukimuuliza, atakwambia nafasi ya kazi haitoshi. Si kweli. Meza ile ina viti vitano, na tangu mwaka jana hakuna anayejua kiti cha tano kifanywe nini.

Mtoto wa kwanza alikufa mwaka jana, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alitoka na pikipiki jioni ya mvua, barabara ikateleza, akaingia chini ya lori. Walimzika. Majirani walikuja, wakalia, wakaondoka, na nyumba ikanyamaza. Jina lake halitajwi tena. Baba akilisikia kwenye redio, hata kama ni la mtu mwingine kabisa, huinuka na kuizima.

Sasa binti amemaliza shule. Ana miaka kumi na saba. Likizo ikiisha atakwenda chuo cha ualimu. Vyuo vya ualimu ni vingi, lakini yeye amechagua kilicho mbali kuliko vyote. Mama aliliona hilo, na roho haikumtulia.

"Akiondoka na kimya hiki, tumempoteza na yeye," alimwambia mumewe. "Atakuwa anakuja kama mgeni. Anakunywa chai, anaaga."

Baba ni fundi wa lifti. Hakuwa msemaji hata kabla ya msiba. Lakini maneno yale yalimchoma. Siku chache baadaye alikuwa akitengeneza lifti katika jengo la ofisi, akaona ukutani tangazo la meli ya kitalii. Alirudi nyumbani na shauri.

"Tuwapeleke watoto melini," alisema. "Nimempigia wakala. Wiki nzima baharini, haisimami popote. Kabini moja, sote ndani. Haina dirisha, kwa hiyo bei yake imeshuka."

"Wiki nzima kwenye chumba kisicho na dirisha?"

"Ndiyo uzuri wake. Sikiliza, mke wangu. Mimi nimetoa watu wengi kwenye lifti zilizokwama. Wanapoingia hawasalimiani, kila mtu anaangalia viatu vyake. Lifti ikikwama, wanaongea! Nikifungua mlango nakuta wanajuana hadi majina ya watoto. Na hawa wetu wakikosa pa kukimbilia, wataongea."

Mama hakucheka. Mwaka mzima alikuwa hajasikia shauri lingine lolote. Wakakubaliana wasiwaambie watoto mpaka siku ya safari.

Jirani wa nyumba ya tatu huitwa Nahodha. Mwanamke huyu hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Alikuwa nesi kwenye meli za kitalii kwa miaka mingi, akitibu matumbo ya abiria, na jina likamganda. Jumamosi moja alikuja kuchukua mapazia yake. Mama alikuwa na pini mdomoni. Akampa jirani simu yenye picha na maelezo ya ile meli.

"Dada, wewe ni mtu wa meli. Tuangalizie hii. Mzee anataka kumalizana na wakala."

Nahodha alivaa miwani. "Wiki nzima! Mmewahi kupanda meli nyie?"

"Hatujawahi."

"Mtu anayejifunza kuogelea haanzii kilindini. Na hebu ona hizi picha. Kila abiria ana mvi. Hii ni meli ya sisi wastaafu. Watoto wako watafanya nini humu, watahesabu mawimbi?" Akaendelea kusoma. Kisha akauliza, bila nia mbaya, "Kabini ya watu watano. Watano ni nani na nani? Bibi naye anakwenda?"

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja. Baba alikuwa ameketi karibu na dirisha. Ilibidi ajibu yeye.

"Wakala aliniuliza kwenye simu tuko wangapi," alisema. "Nikajibu tu. Ulimi umezoea."

Hawakujua kwamba binti amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika glasi ya maji.

"Mmemhesabu," alisema. "Jina lake hamtaki hata kulisikia, lakini mmemhesabu. Hiyo meli siendi."

Mlango wa chumba chake ukafungwa. Mama akajifuta macho kwa kipande cha pazia la jirani, na jirani akamwachia. Aliyajua machozi. Kisha akamgeukia baba, ambaye alikuwa amekwisha kumweleza habari za lifti zake siku nyingi zilizopita.

"Shemeji, watu wakikwama kwenye lifti wanaongea. Sawa. Wanaongea nini hasa?"

Baba akafikiri. "Wanaulizana watatoka lini."

"Haya. Umejijibu."

Baba aliinamisha kichwa. Nahodha akavuta kiti karibu.

"Wazo la safari ni zuri, msilitupe. Ila mmenunua mbuzi kwenye gunia. Kwanza, waulizeni watoto. Watoto wa umri huu ukiwapangia kila kitu, watanuna kuanzia bandarini. Safari waliyoichagua wenyewe wataitetea."

"Binti amekataa," alisema mama.

"Amekataa kufungiwa. Muulize anataka nini. Pili, anzeni na safari fupi. Siku tatu au nne zinatosha kujua kama bahari mnaiweza. Tafuteni meli inayotia nanga mahali hata mara moja, mshuke, mkanyage ardhi."

"Na chumba?" aliuliza baba.

"Chukueni vyumba viwili vinavyopakana. Kampuni nyingine hazikubali watoto walale peke yao, kwa hiyo ulizeni mapema. Wewe lala na kijana, mama alale na binti. Kila mtu apate pa kupumulia. Halafu wekeni sharti moja tu: chakula cha jioni mnakula pamoja. Mchana kila mtu na njia yake."

"Watapotea."

"Meli ina mwisho, shemeji. Lakini simu zaweza zisishike baharini, kwa hiyo chagueni mahali pa kukutana. Na siku ya kwanza mtaitwa kufundishwa namna ya kuvaa majaketi ya kuokolea na mahali pa kukimbilia kukiwa na hatari. Msifanye mzaha na lile somo. Nimewaona watu wanalikwepa ili wawahi kula."

Mama aliuliza kuhusu chakula. Nahodha akaeleza kwamba kwa kawaida chakula cha ukumbi mkubwa kimo ndani ya bei. Vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu mara nyingi hulipiwa kando, na hapo ndipo watu wengi hushangaa baadaye. Kuuliza si ujinga, alisema; ujinga ni kuulizia melini. Akawakumbusha waangalie pasipoti zote, kwa sababu isiyobakiza miezi ya kutosha kabla ya kuisha huweza kukataliwa bandarini. Pia wafike mji wa bandari siku moja kabla, maana meli haimsubiri aliyechelewa barabarani.

Jioni ile mama aligonga mlango wa binti. Hakuingia. Alisema akiwa nje.

"Ile meli tumeiacha. Tunatafuta nyingine ya siku chache. Hatutaki kukuburuta. Kama ungekwenda, ungetaka nini?"

 Binti akajibu kutoka ndani, "Dirisha. Chumba kisicho na dirisha silali."

Kijana naye aliulizwa pale pale ngazini. Ana miaka kumi na minne na maneno yake huhesabika. Alisema kwenye basi tu hutapika, sembuse baharini. Baba alirudi na jambo hilo kwa Nahodha, akaambiwa achukue vyumba vya katikati ya meli na ghorofa za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu waiulizie kwa mfamasia, na mgonjwa aimeze mapema, asingoje bahari ichafuke.

Binti mwenyewe ndiye aliyempigia wakala mpya. Aliuliza kama pana ukumbi wa vijana na umri unagawanywaje. Wakala akasema wa miaka kumi na minne hukaa na kundi lao, na wa kumi na saba na lao. Mdogo wake alisikia, akasema, "Afadhali." Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia dada yake wiki ile.

"Mko wangapi?" wakala aliuliza mwishoni.

Binti alimtazama baba yake. Baba akatazama chini.

"Wanne," binti akasema.

Walisafiri katikati ya likizo. Mtu asidhani mambo yalitengemaa walipoiona bahari. Siku ya kwanza ilikuwa ya mawingu. Walifundishwa kuvaa majaketi, wakaonyeshwa mahali pao pa kukutana, karibu na ngazi kuu. Chakula cha jioni walikula pamoja kama sharti lilivyosema, bila neno, kama watu waliokutana kituoni. Baba alikula huku akisikiliza lifti ya meli. "Mkanda wake umelegea," alisema. 

Siku ya pili jioni walikaa tena mezani. Kijana hakutapika, dawa ilimsaidia na chumba kilitulia. Lakini kiti cha binti kilikuwa kitupu. Muda ukapita, supu ikapoa. Mama alianza kukunja kitambaa cha meza na kukikunjua. Mtoto aliyechelewa kurudi jioni, yeye alishajua habari zake huishia wapi. Aliposimama ili akamtafute, binti akaingia. Macho yalikuwa mekundu. Akakaa.

"Kule ukumbini wanajitambulisha," alisema. "Msichana mmoja ameniuliza kwetu tumezaliwa wangapi. Nimeshindwa kujibu. Nimetoka nje." Akashika kingo za meza. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Unasema nini?" mama alishtuka.

"Mvua ilininyeshea pale kwenye masomo ya jioni. Nikampigia simu. Nikamwambia njoo unichukue, nalowa. Alikuja kwa ajili yangu. Ndiyo maana nakwenda mbali. Kila mkinitazama najua mnaona hilo."

Baba aliweka kijiko chini. Uso ulikuwa umebadilika.

"Alikuja kuniomba ufunguo wa pikipiki," alisema polepole. "Nilijua tairi la nyuma limeisha. Nilipanga kulibadilisha Jumamosi. Nikamtupia ufunguo bila kuinuka kwenye kiti. Mwaka mzima sijamwambia mtu." Kisha akalitaja jina la mwanawe. Alilitaja mara mbili, na mara ya pili akalia mbele za watu, mtu mzima, mabega yakitikisika.

Mama alimshika mumewe kwa mkono mmoja na binti kwa mkono mwingine. Alikuwa na hasira na huruma kwa pamoja. "Tairi! Na wewe simu! Kwa nini hamkuniambia? Nimelala na hawa watu wawili nyumba moja, kila mmoja kajihukumu peke yake!" Akavuta pumzi. "Mtoto kumwita kaka yake amchukue kwenye mvua si kosa, mwanangu. Na wewe, mume wangu, tairi ulikosea. Nakwambia ukweli, ulikosea. Lakini hukumuua."

Hapo kijana, ambaye wote walikuwa wamemsahau, akasema, "Mimi nilidhani mnanikasirikia mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa kati yetu wavulana mimi ndiye niliyebaki. Yeye ndiye mliyempenda."

Mama aliachia mikono yote miwili akamkumbatia. Hakuna aliyekula tena. Mhudumu alikuja, akaona, akarudi alikotoka na sahani zake. Walikaa pale mpaka ukumbi ukabaki na wao tu, wakisimulia habari za marehemu: ubishi wake, viatu vyake vilivyonuka, uongo wake wa kitoto. Walicheka mara moja. Kilio kilikuwa kingi zaidi.

Kesho yake meli ilitia nanga katika mji mdogo, wakashuka wote wanne. Matembezi yenyewe hayakuwa na ajabu. Kulikuwa na manyunyu na maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Walitembea wakiongea.

Msidhani walirudi wamepona. Baba bado kuna siku hukaa gizani. Lakini vitambaa vimeondoka mezani, na Nahodha akipita jioni huwakuta wamekaa pamoja. Akiulizwa na majirani kama safari za meli zinaponya huzuni, hujibu kwamba meli ni chombo tu. Cha maana ni kuwauliza unaosafiri nao kabla hujawalipia.

Binti alikwenda chuoni kule kule mbali. Mama alilia kituoni, na safari hii binti alilia naye. Likizo ya kwanza ilipofika, alikuja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akafunua sufuria kabla hajamsalimia mtu, akauliza kwa sauti kubwa nani kamaliza nyama.

Asubuhi walikwenda makaburini, wote wanne pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Majani yalikuwa yameota mengi. Waliyang'oa kwa mikono, wakimwita marehemu kwa jina lake, mpaka mahali pale pakawa safi.