Farasi Asiyepoa

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni, beseni la maharagwe mabichi mapajani, nikiyatoa nyuzi moja moja, Loretta Skaggs alipoegemea uzio wetu. Loretta hajawahi kuniletea habari njema, na sikutegemea kwamba angeanza siku hiyo.

"Shoga, wamefukua kaburi."

"La nani?"

"La yule farasi, pale Tolliver. Trekta liko huko tangu asubuhi. Bwana Hargis anataka kile kibao cha shaba kikae mbele ya jukwaa, watu wakienda kupiga kura kesho wakione."

Nikacheka. Kesho yake kaunti yetu ilikuwa inapiga kura: uwanja wa Tolliver urudishiwe mbio za farasi wa damu safi, au uendelee kuwa soko la mitumba na makazi ya popo. Kwa miezi sita Preston Hargis alikuwa akizunguka makanisani na suti yake nyeupe, akituhubiria utukufu. Utukufu! Mtu ambaye hajashika koleo la samadi hata siku moja. Farasi alimjua kwa upande mmoja tu, ule unaotazama jukwaa.

"Wamepata nini sasa?" nikauliza. "Si ni kichwa, moyo na kwato tu?"

Ndivyo bingwa anavyozikwa kwetu Kentucky. Kichwa kwa ajili ya akili yake, moyo kwa ajili ya ushujaa, kwato kwa ajili ya mbio. Mwili wote unaobaki hubebwa na lori la kiwanda cha gundi, ila hilo haliandikwi kwenye kibao.

"Hawakupata kitu," Loretta akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na raha ya umbea. "Shimo tupu, Nadine. Udongo wenyewe ulikuwa wa moto. Dereva wa trekta ameondoka bila kuaga."

"Amelewa huyo."

"Labda. Lakini Darla wako yuko huko. Nilimwona saa tisa anaelekea mabandani kuomba kazi."

Saa hiyo ilikuwa inakaribia kumi na mbili.

Nikatua beseni.

Darla ni binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemkataza kukanyaga Tolliver, akaniambia nina kinyongo. Ni kweli ninacho. Nimekifanyia kazi miaka minane, tangu nina kumi na sita, pale pale mabandani. Nilikuwa mpoza.

Farasi akitoka kwenye mbio anachemka kama injini. Ukimwacha asimame, misuli inakaza, tumbo linajifunga, anakufa. Kwa hiyo mpoza humshika kamba na kumtembeza kuzunguka banda, pole pole, siku zote kwa kushoto, mafunda machache ya maji kila mzunguko, mpaka kifua chake kiwe baridi chini ya kiganja. Na sisi wapoza tulikuwa na sheria moja. Anayepokea kamba lazima kwanza aulize: "Kapoa?" Nawe unamjibu imebaki mizunguko mingapi. Anayechukua kamba bila kuuliza, kutembea kote ni kwake mpaka mwisho, hata mvua inyeshe. Tulikuwa tunawanasa wavivu hivyo, tunacheka.

Farasi wa kaburi lile aliitwa Radi ya Jumapili. Ndiye mshindi wa mwisho wa Tolliver, miaka ishirini na moja iliyopita, Julai, joto la kuyeyusha lami. Baada ya ushindi ule nilikuwa nimemzungusha mara moja tu. Preston, wakati ule kijana, mtoto wa mwenye farasi, akaja na viatu vyake vinavyong'aa. "Lete hapa, dada, watu wanangoja picha." Akaninyang'anya kamba. Hakuuliza. Wakamsimamisha juani nusu saa nzima, shada la maua shingoni, akina mama wenye kofia wakipokezana kusimama kando yake.

Akaanguka juu ya maua yao, akafa. Wakalia vizuri sana, wakachangisha kibao.

Mwaka uliofuata uwanja ukafungwa. Sikuusikitikia.

Niliendesha pikapu mpaka kwenye geti la nyuma. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya jukwaa, na jukwaa lenyewe, mbao zake zilizooza zimepakwa rangi mpya upande wa barabarani tu, lilinifanya nitake kutema mate. Hakukuwa na gari la mizigo wala marobota ya nyasi. Farasi wa kwanza walikuwa waje baada ya kura, kama kura ingepita.

Lakini nilipozima injini nikasikia kwato.

Pole pole, kwato nne kwa zamu. Nne... nne... nne...

Na harufu. Jasho la farasi, dawa ya kuchua miguu, na kitu kingine juu yake. Maua yaliyooza.

"Darla?"

Kwato tu, zikija kutoka nyuma ya banda.

Akatokea kwenye kona. Darla. Alikuwa anatembea kichwa kimeinama, midomo imepasuka kwa kiu, viatu vimefumuka. Kamba ilikuwa imezungushwa kiganjani. Nyuma ya bega lake nikakiona kichwa cha farasi, chekundu, chenye alama nyeupe iliyopinda ambayo ningeitambua hata gizani.

"Mama," akanong'ona bila kusimama. "Mama, hapoi."

"Achia kamba."

"Siwezi."

"Achia, nimesema!"

"Mkono haufunguki, mama. Nimezunguka... sijui mara ngapi. Nilimkuta amesimama peke yake, analowa jasho. Nikamwonea huruma."

Nikaenda kando yao hatua kwa hatua, nikanyoosha mkono nimpige farasi shingoni nimsimamishe, kama nilivyofanya mara elfu moja.

Mkono haukugusa kitu.

Nikaangalia vizuri. Kichwa kilikuwepo. Chini kabisa, kwato nne zilikuwepo, zinakanyaga vumbi. Katikati, mahali pa kifua, kitu chenye ukubwa wa ndoo kilikuwa kinadunda.

Basi.

Pengine pote palikuwa hewa. Hewa ya moto, kama umefungua tanuri.

Watu huniambia mimi sina hisia. Wakati ule nilifurahi kwamba sina. Mtu mwenye hisia angepiga kelele, na mtoto wangu angeendelea kuzunguka mpaka mifupa imtoke kwenye nyayo. Mimi nilifikiri kama mpoza. Darla alikuwa amechukua farasi huyu mikononi mwa nani? Hakuna. Hakuuliza kwa sababu hakukuwa na wa kuulizwa, wala sikuwahi kumfundisha sheria. Lakini mimi naijua: mwenye kuuliza ndiye anayepokea.

Nikaingia upande wake wa kushoto, nikaweka mkono juu ya kamba.

"Kapoa?"

Darla akanitazama kama mwenye homa. "Nini?"

"Nijibu. Kapoa?"

"Bado, mama."

"Mizunguko mingapi?"

"Sijui... mingi. Mingi sana."

"Zamu imenifikia."

Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja. Akaanguka magotini. Na kamba ikashika kiganja changu, moto, ikabana.

"Nenda kwenye gari," nikamwambia. "Kunywa maji. Usitoke."

Nikaanza kutembea.

Mzunguko wa kwanza nilihesabu. Wa pili nilihesabu. Kwenye wa tatu pumzi yake ikaja sikioni, nikajua kwamba amenitambua. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikuwa ananifuata vile vile kama zamani, mpole, anangoja nimalize kazi niliyoiacha. Nikawaza nyumbani. Maharagwe hayajawekwa jikoni. Vernon, mume wangu, karudi na njaa. Mama yake. Tess, binti yetu mdogo, miaka sita, anayegoma kulala nisipokuwepo.

Magoti yangu si ya miaka ishirini na minne. Nilijua nitaweza mpaka asubuhi, labda. Halafu?

"Nani huyo? Nani ameleta farasi?"

Suti nyeupe. Ilikuwa inakuja kutoka jukwaani, simu mkononi, taa yake ikituyumbia usoni. Preston Hargis, amenenepa, kofia mpya.

"Nadine? Nadine wa mabandani! Nilijua wewe utarudi upande wetu!" Akainua taa, ikamulika kile kichwa chekundu. Kichwa tu. Chini hakuangalia, hajawahi kuangalia chini. "Aisee! Ona alivyo! Anafanana na wetu kama pacha. Wa nani huyu?"

"Wenu," nikasema, nikipita mbele yake.

"Simama basi, mama. Nataka picha, gazeti la asubuhi. Hii peke yake inatupa kura."

"Hasimami huyu. Ni wa moto."

"Kila farasi ni wa moto kwenu nyie wapoza." Akacheka, akaanza kutembea kando yangu, anahema. "Hamjui biashara ninyi. Mnajua ndoo na samadi. Lete hapa."

Nikamtazama. Mungu ni shahidi yangu, nilimpa nafasi.

"Bwana Hargis, kabla ya kupokea, huna swali la kuniuliza?"

"Swali gani? Nikuulize wewe kuhusu farasi?" Akanyoosha mkono wenye pete. "Lete hapa, dada. Watu wanangoja."

Maneno yale yale.

Akaichukua.

Kiganja changu kikafunguka. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaugonga ukuta wa banda kwa mgongo. Hargis aliinua simu kwa mkono wa pili, akatabasamu, akajaribu kusimama. Miguu yake haikusimama. Ilikata kona kwa kushoto.

"Hoo... taratibu, bwana... Nadine, anavuta huyu!"

Wakapotea nyuma ya banda. Viatu vya ngozi na kwato. Nne... nne... nne...

"Nadine! Mshike! Nadine, huyu farasi hana... hana..."

Walipotokea upande wa pili, kofia ilikuwa bado kichwani, lakini uso chini yake ulikuwa umeshaangalia chini, hatimaye. Alinitazama. Midomo ilikuwa inasema kitu.

Ningeweza kumuuliza lile neno. Neno moja tu, kamba ingerudi kwangu.

Nikaingia kwenye pikapu.

Nyumbani nilimwosha Darla miguu kwenye beseni, nikamfunga kitambaa kiganjani, mahali ambapo kamba ilikuwa imeacha mstari mwekundu. Na mimi ninao. Kisha nikaweka maharagwe jikoni na kipande cha nguruwe, nikachanganya unga wa mkate wa mahindi. Vernon aliuliza mara moja tulikuwa wapi, akaniangalia usoni, hakuuliza mara ya pili. Simu ikalia wakati natoa mkate kwenye tanuri.

"Mke wa Hargis," Vernon akasema, ameziba simu kwa kiganja. "Anasema gari lake lipo uwanjani na mwenyewe hayupo. Mmemwona?"

"Mwambie yuko kazini."

Akaniangalia tena. Akamwambia.

Nikapakua. Tulikuwa tumeshaanza kusali mama mkwe wangu Orpha alipoinua kichwa. Orpha hasikii hata king'ora cha kimbunga. Toka kwetu mpaka Tolliver ni maili mbili.

"Nani huyo anatembeza farasi saa hizi?" akauliza.

Tess akasikiliza. Darla akaweka uma chini.

"Mwenyewe," nikasema. "Malizia sala, mama."

Akamalizia. Nikawazungushia macho mezani, mmoja mmoja. Vernon. Orpha. Tess. Darla. Na mimi. Watano, wote wapo.

"Kuleni," nikasema. "Chakula kinapoa."