Simu ya Kumi na Mbili Kutoka Linz

Simu kumi na moja zilifunguka siku ileile. Ya kumi na mbili ilikuwa na joto hata kabla haijatiwa umeme.

Mersiha aliliona hilo akalipuuza, na kama lawama ina pa kuanzia, basi na ianzie hapo. Ilikuwa Februari. Katoni ilikuwa imesafiri usiku kucha kwenye buti la basi la dereva Šerif, kutoka Linz, Austria, hadi mji wao wa Gračanica, theluji juu na barafu chini. Simu kumi na moja zilitoka na baridi ya kuuma vidole. Ile ya mwisho, nyeusi, ya kawaida tu, yenye ufa mdogo pembeni, ilikuwa na joto la yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku, na ilinuka kidogo, harufu ya nywele zilizoungua. Mersiha akasema ni betri. Fundi akitaka kujidanganya, betri haikosekani.

Alikuwa fundi hodari, tuseme ukweli. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba ya mama mkwe wake, na mumewe, Senahid, alikuwa Slovenia akijenga maghorofa ya watu, akija mara moja kwa mwezi na begi la nguo chafu. Simu za mitumba kutoka Austria huja zimefungwa: kampuni ya kule huzifunga zisikubali laini ya mtu mwingine, na fundi huzifungua kwa namba ya siri. Hii nyeusi iliikataa namba ya kwanza. Ikakataa ya pili, ya tatu na ya nne. Ilipobaki nafasi moja tu kabla ya kujifunga daima, Mersiha akaiacha. Ikabaki njia ya chini kabisa, kuvunja kufuli linaloamka kabla simu yenyewe haijaamka, ambalo mafundi huliita butloda, kisha kuiwekea programu nyingine tangu mwanzo.

Lakini waliotengeneza simu wanawajua mafundi. Wameweka subira. Simu ikae imewashwa saa mia moja sitini na nane, siku saba kamili, ina laini ndani, bila kuzimwa hata dakika moja. Ikizimwa, hesabu inarudi sifuri. Zikitimia, ndipo kitufe cha ruhusa kinapowaka, na ukikibonyeza, kila kilichomo ndani kinafutwa: picha, majina, sauti, kila kitu.

"Mama, hii itakaa jikoni siku saba," Mersiha alimwambia mkwewe. "Dukani kuna baridi, betri itakufa. Tafadhali usiiguse."

"Niiguse ya nini, bibi fundi? Nina ukosefu wa kazi mimi?"

Rasema alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane, na kiti chake kilikuwa kando ya jiko la kuni. Kutoka kitini hapo aliitawala nyumba kwa ulimi. Chumvi imezidi, kahawa imechemka hadi imekufa, mwanamke gani huyu anashika bisibisi kuliko mwiko. Kwa miaka kumi na moja alimwita Mersiha bibi fundi, huyu, mke wa mwanangu, na siku njema, Mersiha. Neno mwanangu hakuwahi kumwita hata mara moja. Hata siku Mersiha alipotoka kumzika mama yake mzazi, macho yamevimba, Rasema alimsukumia tu sahani ya pita, andazi la nyama la kwao, akamwambia, "Kula, itapoa."

Asubuhi ya siku ya saba simu ilikutwa imezimika, na betri imejaa. Hesabu ikarudi sifuri. Mersiha akaanza upya. Wiki ya pili ikaisha vilevile: saa nne tu kabla ya kutimia, kioo cheusi. Akapiga teke stuli ya dukani hadi mguu wake ukavunjika, mguu wa stuli, kisha akampigia Šerif dereva kumtolea yeye hasira.

"Umeniletea nini wewe?"

"Dada, mimi naendesha basi. Katoni niliinunua kwa bibi mmoja sokoni, sikumchumbia." Akampigia mtu honi. "Ila hiyo nyeusi hakutaka kuniuzia. Alisema niiache ilivyo, haijawahi kufunguliwa na isifunguliwe. Nikaona anapandisha bei tu."

Wiki ya tatu Mersiha aliamua kulinda. Alfajiri ya siku ya saba alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, soksi mbili miguuni, akimtazama mkwewe akitawadha, akisali, kisha akivuta hatua hadi kwenye soketi. Rasema aliifunika simu kwa kitambaa chake cha kichwa, kama mtu anayeshika kaa la moto, akabonyeza kitufe hadi ikazima.

"Kumbe ni wewe."

Rasema hakushtuka. "Ni mimi."

"Wiki tatu, mama. Wiki tatu najiona mwehu."

"Hicho kitu hakilali," mama mkwe alisema, sauti chini. "Kila kikikaribia siku yake kinanong'ona. Kinauliza majina. Jana kimeniuliza jina lako. Kirudishe kilikotoka, wewe mwanamke, kimefungwa vilevile."

"Ni simu."

"Na mimi ni mzee mjinga. Haya, endelea."

Akaendelea. Saa saba mchana aliiwasha tena, mbele ya macho yake, na hadi jioni wakawa wanarushiana maneno, yale ya simu na yale ya miaka kumi na moja yaliyokuwa yakisubiri zamu. Jua lilipozama Mersiha alichukua sufuria ya viazi, akafungua mlango wa nyuma na kumwaga maji ya moto chini ya michirizi ya paa. Hakusema bismillahi. Hapo chini ya michirizi, saa ya magharibi, hata mtoto wa Gračanica anajua kwamba hapamwagwi kitu kabla ya kuwaomba radhi wenyewe wasioonekana. Na juu ya hilo akatamka, meno yamebana, "Mungu aufunge mdomo wako kama alivyoifunga ile simu." Ulimi uliponza kichwa, walisema waliotangulia. Huu uliponza kichwa cha mwingine. Jikoni, juu ya rafu, simu ilitikisika mara moja, ikanyamaza.

Kulipokucha Rasema hakuwa na sauti. Alifungua kinywa kukosoa kahawa na hakikutoka kitu, hata pumzi ya mkwaruzo. Hospitali walimpiga picha kichwa wakaona kiko sawa kuliko vichwa vya vijana. Wakampa vidonge. Mersiha akamrudisha nyumbani, akamvua viatu, akampikia supu bila chumvi kabisa kwa makusudi, apate kukasirika. Mama mkwe akanywa yote, machozi yakimtoka.

Siku ya nne ya hesabu, mchana kweupe, Mersiha akikata kitunguu, alisikia nyuma yake, "Kisu hakikati hicho." Akageuka kwa furaha hata akajikata. Rasema alikuwa kitini, mdomo umefumbwa, mkono umeshika kifua, akiitazama rafu. Kioo cha simu kilikuwa kimewaka. "Kisu hakikati," simu ikarudia, kwa sauti ya Rasema, na mwishoni kikohozi chake kidogo, na jikoni pakanuka nywele zilizoungua hadi Mersiha akafungua dirisha theluji ikaingia. Akaikimbilia kuizima. Alipobonyeza kitufe, Rasema alipinda kitini kama aliyekabwa koo, uso ukageuka rangi ya majivu. Mersiha akaachia. Rasema akavuta pumzi. Basi haikuzimwa tena.

Kesho yake alikwenda kijiji cha juu kumchukua nana Behija, bibi anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye maji juu ya vichwa vya waliotishwa. Alikuja na kijiko chake cha chuma, akamfunika Rasema shuka jeupe, akashikiza bakuli la maji juu ya utosi wake, akasoma, akamimina. Risasi ikilia majini hutoka na miiba, na katika miiba hiyo nana husoma hofu ya mtu ilikotoka. Hii haikulia. Ilitoka bapa, ya pembe nne, laini kabisa. Nana Behija aliigeuza kiganjani pande zote mbili, asipate hata mwiba mmoja wa kusoma.

"Nani alikifunga?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Kampuni, nana. Ya kule Austria."

"Kampuni imefunga chake. Aliyefunga hiki alikuwa na akili." Akafunga risasi kwenye kitambaa. "Kirudi kwao kikiwa kimefungwa, na sauti itakosa pa kushikwa, itarudi kwa mwenyewe. Usikivunje."

"Nikikivunja kinafuta kila kitu."

"Sijui mambo yenu ya kufuta, binti. Najua sauti ya mama huyu iko humo, na haiko mahali pawili. Kikikusemesha, usijibu."

Šerif alikuwa akiondoka Jumamosi alfajiri. Hesabu ilikuwa ikitimia Ijumaa mchana. Mersiha alipiga mahesabu, akaona ni rahisi: asiguse kitu kwa muda wa saa kumi na sita. Wiki nzima alikuwa akitaka kuishinda ile simu, na sasa kuishinda kulikuwa ni kukaa kitako. Mtu mwenye hasira ukimpa kazi ya kukaa kitako umempa mzigo.

Ijumaa alikaa. Aliketi mkabala na Rasema, wakashikana mikono juu ya meza, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Saa saba na dakika chache kioo kikawaka na kitufe cha ruhusa, kile alichokisubiri mwezi mzima, kikageuka rangi.

"Hujui kazi," simu ilisema kwa sauti ya mama mkwe. "Mwezi mzima, bibi fundi, na bado."

Mersiha akauma mdomo.

"Chumvi ya supu ulinyima makusudi. Nimeijua." Halafu sauti ikashuka, ikawa ya mzee aliyechoka, na Mersiha, ambaye alikuwa amejiandaa kwa matusi yote ya miaka kumi na moja na alikuwa na jibu la kila moja, aligeuka kuitazama rafu, kwa sababu matusi hayakuja tena, ilikuja sauti ileile iliyomsukumia sahani siku ya mazishi, ikitetemeka, ikisema kuna baridi humu, kuna giza, kuna watu wengine humu nisiowajua na wananikalia kifuani, nifungulie, mwanangu.

Rasema, kitini, alitikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, kitambaa kikamtoka, akaishika mikono ya Mersiha kwa kucha.

"Mwanangu. Nilikuwa naona haya kukuita. Nifungulie, mwanangu Mersiha."

Alijua. Hilo ndilo linalouma, kwamba alijua. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, asiye na sauti, alikuwa akimkataza kwa mwili wake wote, na huyo ndiye mkwewe, mkali, mwenye haki kama kawaida yake. Na yule wa kwenye rafu alikuwa akimwita jina alilolingoja tangu alipoingia nyumba ile na sanduku lake moja. Mersiha alijinasua mikono taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba kupita. Sikio la kufa halisikii dawa.

Simu ikauliza kama alivyojua itauliza: kila kitu kitafutwa, una hakika?

"Ana hakika," ikasema sauti.

Alibonyeza. Kioo kikazima. Harufu ikakatika ghafla, jikoni pakawa na harufu ya kuni tu, na kwa muda mfupi Mersiha alisikia furaha ya fundi, ile ndogo ya aibu, kufuli gumu limeachia. Simu ikajiamsha yenyewe ikiwa baridi, safi, haina mtu. Ikaandika maneno ya kukaribisha kwa lugha moja, yakafifia, ikaandika kwa nyingine, kama simu yoyote mpya inayongoja mwenyewe.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Sema kitu."

"Karibu," Rasema alisema nyuma yake.

Sauti ilikuwa yake. Mersiha alicheka, akageuka huku akilia, mikono imeshafunguka kumkumbatia. Mkwewe aliketi wima kitini. Uso wake ulikuwa umenyooka, mikunjo yote ya hasira imeondoka, na macho yalimtazama Mersiha bila chuki na bila kumjua.

"Karibu," alisema tena, sasa kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuwahi kuijua. Kisha kwa Kituruki. Kisha kwa Kiitaliano, kila neno likija kwa nafasi sawa na lililopita, na tabasamu lilelile.

"Mama, ni mimi. Ni Mersiha. Nitukane. Niambie chochote."

Rasema alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha.

"Tafadhali," alisema, "chagua lugha."