Bibi Anésie Hanywi Maji

Kila asubuhi Melania alizunguka kambi ya wakimbizi na kikapu chake. Alikuwa mhudumu wa wazee. Wazee wake walikuwa wengi, na wa mwisho kwenye njia yake alikuwa Bibi Anésie, mkimbizi kutoka Burundi.

"Mwakeye, Bibi," Melania alimsalimu kwa Kiha.

"Amahoro, mwanangu."

Kiha na Kirundi ni lugha za jirani, kwa hiyo walielewana. Melania alimnawisha uso na kumkata kucha. Kisha alimmiminia maji.

"Kunywa kidogo, Bibi."

"Baadaye. Haya maji hayana ladha. Kwetu kuna chemchemi chini ya migomba. Maji yake ni baridi mpaka meno yanauma."

Kikombe kilibaki kimejaa. Jioni kilikuwa kimejaa vilevile.

Majirani walikuwa na jibu lao. "Amekumbuka kwao," walisema. Melania aliamini. Nani pale kambini hakukumbuka kwao? Na Bibi alikuwa na lake zaidi. Binti yake, Aurore, alipotea katika msongamano wa wakimbizi pale Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, siku ya kupanda meli. Tangu hapo hakusikika. Bibi alibaki na mkwe wake tu, Térence, mume wa Aurore. Térence alikuwa fundi cherehani. Alishona kutwa nzima chini ya turubai mbele ya kibanda, na watu walimsifu kwa kumtunza mama mkwe.

Melania naye alifanya kazi kwa moyo. Ila hakupenda kuuliza. Kila Jumatano wahudumu wa wazee walikaa kwenye baraza ya zahanati na Nesi Yunisi, wakaongea juu ya kazi yao. Melania hakwenda. Nikiuliza, alijiambia, watasema sijui kazi. Basi mzigo aliubeba peke yake, na kichwa kikamuuma peke yake.

Asubuhi moja Bibi alimshika mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Aurore," alisema. "Umekuja. Mbona umechelewa hivyo?"

"Ni mimi, Bibi. Melania."

"Aurore, mwanangu, nilikuwa nakutazamia."

Melania alishindwa kubisha. "Nimekuja, mama," alisema, na machozi yakamtoka. Kisha akaogopa. Jana yake tu Bibi alimjua vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwa Nesi Yunisi. Anayetaka kucheka na acheke.

Hakuna aliyecheka.

"Mkojo wake ukoje?" Yunisi aliuliza.

"Kidogo sana. Rangi yake kama chai ya rangi."

"Mlete sasa hivi. Mzee akichanganyikiwa ghafla, huyo ni mgonjwa. Si uzee huo, wala si kukumbuka kwao. Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa maji yamepungua mwilini."

Zahanati walimpima Bibi. Malaria hakuwa nayo. Ni maji yaliyokuwa yamepungua. Walimtundikia dripu.

"Mzee akikataa maji," alisema Yunisi, "mimi huuliza kwanza choo kiko wapi."

"Kiko karibu. Unapita tu mbele ya cherehani ya Térence."

"Térence ni nani wake?"

"Mkwe wake."

"Mimi na wewe ni Waha," alisema Yunisi. "Mama yako angepita mbele ya mumeo na kopo la choo mkononi?"

"Angekufa kwa aibu."

"Basi Bibi naye hanywi ili asipite."

Melania aliijua heshima hiyo tangu utoto. Ila alidhani watu wakikimbia vita huiacha njiani pamoja na masufuria.

Alimwambia Térence kwa maneno machache, bila kumtaja Bibi sana. Térence aliinamisha kichwa.

"Nilikaa pale ili anione akinihitaji," alisema. "Sikujua kama namfungia njia."

Siku hiyohiyo alihamishia cherehani upande wa pili. Alishona viroba vikawa pazia refu, vikaficha njia ya choo. Melania alileta ndoo yenye mfuniko ya kutumia ndani mvua ikinyesha. Alifuata pia maneno ya Yunisi: mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo usingoje aombe. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Maji, chai, uji mwepesi, chungwa. Na Jumatano zilipofika, Melania aliwahi barazani kuliko wote. Alikuwa na maswali mengi mpaka wenzake wakamtania.

Midomo ya Bibi ililainika. Akili zake zilirudi. Na ziliporudi, alijua tena kwamba Aurore hayupo.

"Siku ile nilimwona binti yangu," alisema asubuhi moja.

"Nilikuwa mimi, Bibi."

"Najua. Nilipokuita kwa jina lake, uliitika?"

"Niliitika."

"Vizuri. Naye angeitika."

Bibi alilia. Melania hakumkataza. Alikaa naye mkekani, akamshika mkono. Alimhurumia sana.

"Machozi nayo ni maji, Bibi," alisema mwishowe. "Tusije tukarudishwa kwenye dripu."

Bibi alicheka huku bado analia. Alijifuta uso kwa kanga, akanyoosha mkono.

"Lete hicho kikombe," alisema. "Aurore akija, anikute."

Akanywa maji yote.