Samoni wa Nyumba ya Ikarashi

Soko la asubuhi la Murakami lilikuwa limefurika, na Tamotsu Hasebe, dereva wa basi la watalii, akamkanyaga Chizuru mguu mbele ya kapu la figili.

"Hayo ni macho au matundu?" Chizuru aliuliza.

"Macho, dada. Kosa lake yalikuwa yanakutazama wewe."

Ilikuwa Machi, wanasesere wa sikukuu wamepangwa madukani mji mzima. Kufikia vuli, Tamotsu alikuwa akimpigia simu kila basi lilipopumzika.

Chizuru alikuwa binti pekee wa Mzee Ikarashi, muuza samoni wa kukausha. Duka lisilo na mwana wa kiume humwingiza mkwe: anahamia, anaacha jina la kwao, anarithi kazi. Tamotsu alisema jina ni koti tu.

"Nitalivua, mpenzi. Kwani nitakufa kwa baridi?"

Novemba Mzee alimwita ampime. Tamotsu alifika na aproni mpya ya buluu, mikunjo ya pasi bado inaonekana. Samoni walining'inia darini kwa mikia, mamia, wakinuka chumvi. Mzee akamkabidhi mmoja mbichi, na kisu.

Murakami ulikuwa mji wa askari, na askari wa kale walijipasua tumbo kulinda heshima. Ndiyo maana samoni wa hapa hapasuliwi tumbo lote. Katikati huachwa kipande kimeshikana; kulipasua lote ni kuwatusi wazee hao. Hata watoto wa shule wanajua.

Tamotsu alimpasua tumbo lote, mwanzo hadi mwisho.

Mzee alikichukua kisu, akakifuta. "Asante kwa kututembelea, Bwana Hasebe."

Tamotsu aliinama, akaondoka. Chizuru alimpigia kutoka uani.

"Mkono uliteleza," Tamotsu alisema.

"Mkono ukiteleza hukata kombo. Wewe umekata kama kwa rula."

"Mama analia tangu Agosti, Chizu. Mimi nikiwa Ikarashi, kaburi la baba atalitunza Hasebe gani?"

"Ungeniambia."

"Ungeliacha duka unifuate. Baadaye ungenichukia."

"Kwa hiyo ukamtuma baba yangu anikatalie kwa niaba yako."

"Nisamehe."

"Endesha basi lako salama," Chizuru alisema, akakata simu.

Ndani, Mzee alikuwa akipaka samaki chumvi. Hakuinua uso.

"Anasemaje?"

"Anasema mkono uliteleza."

Mzee akashusha pumzi, kama mtu aliyeondolewa tusi. "Basi ni mzembe tu, si mtu mbaya. Tutatafuta mwingine, mwenye mkono mtulivu."

"Ndiyo, baba," Chizuru alijibu. Mkono mtulivu kuliko ule hajapata kuuona.