Blauzi Iliyovuta Upande Mmoja

Fundi alikuwa hodari wa kushona, na mwenyewe alijua kwamba ni hodari. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa mahali pa kazi. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ilikaa katikati, na kioo kirefu kiliegemea ukutani. Mlangoni alikaa mume wake, dereva wa lori aliyestaafu. Siku hizi mzee alikuwa na kazi moja tu: kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mama watoto, hiyo blauzi umeifumua tena?" aliuliza Jumamosi moja asubuhi.

"Inavuta upande wa kushoto," alisema Fundi. "Kitambaa hiki kibaya. Mwenye duka kanipiga."

"Na ile ya kijani uliyoifumua juzi?"

"Uzi ulikuwa mbovu."

"Na lile gauni la bluu?"

"Wewe endesha kiti chako, cherehani niachie mimi!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini swali lake lilikuwa na maana. Nguo za wateja ziliwakaa vizuri. Nguo za Fundi mwenyewe ndizo zilizomkataa. Kila akivaa, upande wa kushoto wa kifua ulivuta. Kila ulipovuta, alilaumu nguo. Fundi akiona nguo haikai, mkono wake huenda kwenye nguo. Ni mazoea ya kazi, na mazoea hayo yalikuwa yanampoteza.

Mara wifi yake akaingia. Huyu alikuwa dada mdogo wa mzee. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Kutwa alikuwa maabara, akitazama kwa hadubini vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Alitafiti jinsi seli za mwili zinavyozeeka. Alitaka kujua uzee huo unahusiana vipi na saratani ya matiti, ambayo wengi huiita kansa. Fundi alimtania kwa kazi hiyo miaka nenda, miaka rudi.

"Karibu, wifi! Vidudu vyako havijambo?"

"Si vidudu, wifi. Ni seli. Hata wewe unazo."

"Mimi? Nyumba yangu safi, bwana!"

Walicheka. Fundi akaivaa ile blauzi na kusimama mbele ya kioo. "Tazama. Nimeifumua, nimeishona upya, bado inavuta."

Wifi alitazama. Akaacha kucheka.

"Inua mikono juu," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Kaka, tupishe kidogo. Nenda katuchemshie chai."

"Nafukuzwa kwangu!" alisema mzee, lakini aliondoka.

Wifi alifunga mlango. Fundi akavua blauzi. Kwenye titi la kushoto ngozi ilikuwa imeingia ndani kidogo, kama imevutwa na uzi.

"Wifi, blauzi haina kosa," alisema mtafiti taratibu. "Hii ngozi imekuwa hivi tangu lini?"

"Muda kidogo. Nilidhani ni uzee tu, ngozi inanywea."

"Na huu uvimbe mgumu? Umewahi kuushika?"

"Nimeushika. Hauumi."

"Wifi!"

"Sasa kitu kisichouma nikipeleke wapi? Halafu mimi ni bibi. Nimenyonyesha, nimemaliza. Matiti haya yamestaafu zamani, kama kaka yako. Kansa si ya wasichana?"

"Wengi wanadhani hivyo, na wamekosea," alisema wifi. "Msichana anaweza kuipata. Lakini umri ukisogea, hatari inaongezeka. Hilo ndilo ninalolichunguza kila siku."

"Kwa nini iwafuate wazee?"

Wifi alichukua kipande cha kitambaa mezani. "Mwili wako umejengwa kwa seli nyingi mno. Seli hujigawa, moja ikawa mbili. Kila inapojigawa, inanakili maelekezo ya kazi yaliyomo ndani yake. Sasa niambie. Ukitaka kukata mikono mingi ya mashati, unafanyaje?"

"Nakata yote kwa karatasi ya kipimo."

"Na fundi asiye na karatasi? Anakata mkono wa pili kwa kufuata wa kwanza, na wa tatu kwa kufuata wa pili."

"Huyo ataharibu! Kila mkono utakosea kidogo. Wa mwisho atauvaa tembo."

"Basi seli hazina karatasi ya pembeni. Kila moja inafuata iliyoitangulia. Makosa mengi mwili huyarekebisha. Lakini miaka ikiwa mingi, yale yaliyobaki hujikusanya. Ikitokea seli ikasahau namna ya kuacha kujigawa, inazaliana ovyo mpaka inafanya uvimbe. Hiyo ndiyo kansa."

"Na seli zenyewe zikizeeka?"

"Nyingi huacha kujigawa, na hilo ni jema. Lakini baadhi haziondoki. Zinakaa palepale na kuwachokoza majirani."

Fundi alielekeza kidole jikoni. "Kama fulani."

"Nawasikia!" alifoka mzee kutoka huko.

Walicheka tena, lakini safari hii kicheko cha Fundi hakikufika mbali. Alikaa kwenye kiti, blauzi imelala mapajani.

"Naogopa, wifi," alisema.

"Najua. Hata mimi naogopa."

"Wewe si unaijua kansa nje ndani? Nipe dawa hukohuko maabara. Tumalize wenyewe, kimyakimya. Sitaki watu wajue."

"Sina dawa, wifi yangu. Mimi natafuta sababu, sitibu. Tena sijui kama hii ni kansa. Uvimbe mwingi wa matiti si kansa. Atakayejua ni daktari, akishakupima. Lakini tukikaa kimya, mficha maradhi kilio kitamfichua."

Mlango ulifunguka kidogo. Fundi alijifunika haraka. Mzee alisimama na trei ya chai, macho yake chini. Alikuwa amesikia yote.

"Jumatatu mnakwenda hospitali," alisema. "Mimi nitakaa na wateja. Wakiuliza, nitawaambia ukweli. Kuumwa si aibu."

Fundi alimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa hajamwona mumewe akishindwa kutania.

"Usiguse mkasi wangu tu," alisema.

Jumatatu wakaenda. Daktari alimpima kwa mikono. Fundi akapigwa picha ya matiti. Kisha kipande kidogo cha uvimbe kilitolewa kwa sindano, kikapelekwa kupimwa. Kusubiri majibu kulikuwa kugumu kuliko sindano yenyewe.

"Mama, ni kansa," alisema daktari siku ya majibu. "Lakini ni ndogo, na haijatoka nje ya titi. Umewahi."

Fundi alilia. Wifi alilia pamoja naye. Daktari aliwaacha walie. Kisha Fundi akajifuta uso.

"Nitashona tena?"

"Utashona, mama."

Kabla ya upasuaji daktari aliuliza jambo moja zaidi. Je, Fundi angekubali sehemu ya uvimbe itumike kwenye utafiti? Angeweza kukataa, na matibabu yake yasingebadilika.

"Chukueni," alisema Fundi. "Mimi sina haja nao."

Uvimbe ukatolewa. Baadaye akapata matibabu ya mionzi, kisha vidonge vya kumeza kila siku. Alichoka, akapumzika, akapata nguvu. Daktari alimpima tena na hakuona kansa. Alimwambia aendelee kuhudhuria kliniki, naye hakukosa hata mara moja.

Siku hizi akimaliza kumpima mteja, futi ya kupimia ikiwa shingoni, humwambia: "Jikague matiti yako, mwanangu. Ukiona uvimbe, ngozi imeingia ndani, au chuchu inatoa majimaji, nenda kapimwe. Usingoje maumivu." Mzee mlangoni huongeza yake: "Na wanaume pia, ingawa kwetu ni nadra!"

Siku moja wifi alimpeleka Fundi maabara. Vijana waliovaa makoti meupe walimpisha. Fundi akainama, akaweka jicho kwenye hadubini.

"Seli hizi zimetoka kwa wanawake waliokubali, kama wewe," alisema wifi. "Hazina majina. Mimi mwenyewe sijui za nani. Zile pana ndizo zilizozeeka."

Fundi alitazama kwa muda mrefu.

"Shikamooni," alisema.

Vijana waliangua kicheko. Fundi hakuinua kichwa.

"Msicheke," alisema kwa upole. "Hawa ni mama za watu. Mimi niliwahi. Pengine mwingine humu hakuwahi."

Ndipo Fundi akanyooka na kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, akitabasamu.

"Haya, fanyeni kazi, wanangu," alisema. "Tunawasubiri."