Nusu Kijiko cha Dawa ya Baba

Kila alasiri ilipofika saa tisa, Nzau alianza kulia. Alikuwa mtoto wa wiki sita, na asubuhi nzima hungemsikia. Alinyonya, akalala, akaamka na kuchezesha vidole vyake. Lakini saa tisa ikifika, alikunja magoti, akakaza ngumi, uso ukamwiva, na kilio chake kikasikika hadi mwisho wa safu ya nyumba zao katika mtaa wa Mbotela.

"Hata redio ya jirani yetu Mzee Irungu haifui dafu kwa huyu," Mama alizoea kusema.

Dada yake, Mbinya, alikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 1995, na yeye ndiye aliyemsaidia Mama kazi za nyumbani. Alifua nepi, akapiga deki, akachambua mboga. Kazi hizo hazikumchosha. Kilichomchosha ni kile kilio cha alasiri. Baba yao, Munyoki, alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa amesafiri hadi Kisumu.

Alhamisi hiyo mifereji ilikauka mtaa mzima. Mama alichukua mitungi miwili ili akapige foleni kwenye bomba la kanisani.

"Mbinya, nimemnyonyesha sasa hivi," alisema. "Akilia, mbebe. Sitakawia."

Mama hakuwa amefika hata kwenye kona Nzau alipoanza. Mbinya alimbeba, akamtikisatikisa, akamwimbia nyimbo zote alizozijua. Wapi! Tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama mpira.

Lorraine, rafiki yake wa nyumba ya pili, alichungulia mlangoni.

"Sasa, Mbinya! Tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wale wa nyumba za nyuma, na wanatushinda. Tunakungoja wewe."

"Nitatokaje? Humwoni huyu?"

"Mlaze basi. Akilala, ukuje."

Lorraine alikimbia. Mbinya alibaki akitazama kabati. Juu yake palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya Baba. Alikumbuka Baba akisema kwamba dawa ile humlaza fofofo, ndiyo maana hakuthubutu kuibeba safarini. Mbinya aliitikisa chupa, akamimina nusu kijiko, akamtilia mtoto mdomoni. Nzau alitema kidogo, akameza iliyobaki.

Haikupita nusu saa kilio kikafifia, kisha kikakoma. Mbinya alimlaza kitandani, akairudisha chupa mahali pake na kwenda kucheza hapo mbele ya nyumba.

Mama aliporudi na maji alisimama mlangoni akasikiliza ule ukimya. Uso wake ukachangamka.

"Umemfanyaje leo? Hongera, mama yangu!"

Mbinya alitabasamu, akaupokea mtungi mmoja upesi na kuuingiza ndani.

Saa kumi na moja Mama alimwinua Nzau ili anyonye. Kichwa cha mtoto kililegea, na titi likamponyoka mdomoni. Mama alimpapasa nyayo, akamwita jina, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Nzau hakufungua macho. Kifua chake kilipanda polepole, kikashuka, kikakaa kidogo kabla ya kupanda tena.

"Mungu wangu," Mama alisema. "Mbinya, lete shuka. Twende hospitali."

Walikwenda mbio. Mbinya alikimbia nyuma ya Mama, na kila hatua alitaka kusema, na kila hatua ulimi ulikuwa mzito. Je, Mama angemchukia? Je, Baba angesema nini?

Katika hospitali ya mtaa walipokewa na muuguzi aliyeitwa Sista Lydiah, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimlaza Nzau mezani, akamfunua macho, akahesabu pumzi zake.

"Ameanguka?"

"La, Sista."

"Amekuwa na joto? Ametapika? Amepewa dawa yoyote?"

"Hapana," Mama akajibu akilia. "Anakunywa maziwa yangu tu."

Sista aligeuka kumwita daktari. "Huenda ni ugonjwa wa ubongo. Itabidi tumtoe maji mgongoni, tupime."

"Nimempa dawa mimi!" Mbinya alisema.

Mama alimtazama kana kwamba hakumsikia.

"Dawa ya kikohozi ya Baba. Nusu kijiko, lakini alitema kidogo. Alikuwa analia, nami nilitaka kwenda kucheza." Machozi yalimbubujika. "Ilikuwa kama saa tisa na robo."

Sista Lydiah hakumgombeza. Alimshika bega. "Kimbia ukaniletee hiyo chupa. Upesi!"

Mbinya hakuwahi kukimbia hivyo maishani. Daktari alisoma maandishi ya chupa, akatikisa kichwa, akamwekea Nzau hewa ya oksijeni. Kuanzia hapo Sista hakubanduka. Mama na Mbinya waliketi kwenye benchi. Baadaye kidogo Mama alinyoosha mkono, akaushika mkono wa binti yake.

Karibu na saa moja jioni Nzau alipiga chafya. Alikunja uso, akafungua kinywa, akalia. Mama aliruka kutoka kwenye benchi. Mbinya hakuwahi kufikiri kwamba angekifurahia kilio hicho.

Walilazwa hadi asubuhi ili mtoto aangaliwe. Kabla ya kuwaruhusu, Sista Lydiah alimwita Mbinya karibu.

"Ndugu yako halii kwa sababu ya ugonjwa," alisema. "Akinyonya kwa pupa humeza hewa, nayo humsokota tumboni. Watoto wengi hupitia haya, na huisha wakifika miezi mitatu au minne. Sasa tazama."

Alimweka Nzau begani, akampigapiga mgongoni taratibu hadi akapiga mbweu. Kisha alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa kwenye kiwiko, akatembea naye. Mwisho alimlaza chali, akamchezesha miguu kama mtu anayeendesha baiskeli.

"Na akiwa na joto, akitapika, au akikataa kunyonya?" Sista akamuuliza.

"Tumlete hapa."

"Vizuri. Na dawa?"

"Asipewe yoyote ila ya daktari."

Jumamosi, saa tisa, Nzau alianza kulia. Mama alinyoosha mikono ampokee, lakini Mbinya aliomba ajaribu. Alimweka begani, akampigapiga. Hakunyamaza. Akambeba kifudifudi mkononi, akatembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani, mara kumi, mara ishirini. Mkono ulimuuma. Ghafla tumbo la Nzau likanguruma, akapiga mbweu kubwa kama ya mzee aliyeshiba. Alilia tena kidogo, kwa sauti ndogo, kisha akatulia akimkodolea dada yake macho.

Mama alicheka, halafu akawa makini.

"Kosa lako lilikuwa kubwa, Mbinya, nawe unalijua. Usingesema, wangemtibu mtoto wangu ugonjwa asio nao. Umenisikia? Mtu akikosea, aseme mapema, hata kama anaogopa. Na mtoto mchanga hana mdomo mwingine wa kutuambia anaumwa ila kilio chake. Tusiufunge kwa dawa. Tumbebe, tumvumilie."

"Nimesikia, Mama," Mbinya alisema, akaendelea kutembea na ndugu yake.